Jumeli (darubini ya macho mawili) ya 8x42 ama ya 10x42?

Hapa Goma kila mwenye kupenda kuangalia ndege anauliza ile swali. 42 ni upana wa lensi ya mbele kwa milimita, iko sawa kwa zote mbili, tofauti iko ku namba ya kwanza, mara ngapi inavuta kitu karibu.

Kwa mwangaza miye nasimama na 8. Gawa 42 kwa 8 unapata 5.25, kwa 10 unapata 4.2, njo milimita za duara ya mwangaza yenye inafika ku jicho, na mu pori ya Kahuzi-Biega asubuhi, chini ya miti minene, unaisikia kabisa. Tena 8 inaonyesha sehemu pana, kandege kakiruka hakakupotei mbio. Mu pirogi ku Kivu 10 inatetemesha kila kitu. Lakini ukiwa juu ya kilima, hewa safi, unatafuta tai wa mbali, sana sana na trepiye (miguu mitatu ya kuisimamisha), 10 inakuonyesha manyoya yenye 8 haiyafikie.

Bei zinakaribiana, 10 inapandaka kidogo. Matunzo ni moja: vumbi ya volkano inakwaruza lensi, pulizia kwanza njo upanguse na kitambaa laini, na utafute yenye imejazwa gazi ya azoti, juu ukungu usiingie ndani.

Wa pori na ziwa achukue 8, wa milima 10. Na kama unavaa miwani, jaribu nayo ku macho, uone kama picha inatoka nzima.