Chumba cha mikutano tulichokodi Wandegeya kupangia kikundi cha kriptografia ya kwanta: kizuri, ila chunga ubao

Naona watu wanauliza sana chumba cha kukodi karibu na Makerere kisicho na bei ya hoteli, basi niwaambie hiki tulichokaa siku mbili wikendi iliyopita, ghorofa ya tatu pale Wandegeya, Kampala, shilingi elfu 150 kwa siku na chai ya saa nne ndani. Tulikuwa sita mezani, wa saba yuko Durban akaingia kwa video. Tulikuwa tunapanga kikundi cha utafiti wa kriptografia ya kwanta, yaani kupeana ufunguo wa siri kwa chembe za mwanga ili anayedukua ajulikane, na mitandao yake, na kwa vile mmoja katoka Arua, wawili Mbarara, mwingine Bukavu, tuliongea Kiswahili mwanzo mwisho.

Kilichonipendeza kuliko vyote ni mapazia. Mazito kweli, ukiyavuta saa sita mchana chumba kinakuwa giza totoro. Tulikuja na tochi na vipande vitatu vya plastiki ya polaraiza, ile inayopitisha mwanga unaotetema upande mmoja tu, ukipishanisha viwili kama msalaba mwanga unakatika kabisa, halafu dada mmoja wa Mbarara akachomeka cha tatu katikati akakilaza nyuzi 45 na mwanga ukarudi ukutani. Kuna mwenzetu wa kompyuta anazijua hesabu zote za BB84, njia ya kwanza ya kupeana ufunguo hivyo, lakini hakuwahi kuliona jambo lenyewe kwa macho, akanyamaza kidogo, akasema hebu rudia. Tukarudia mara tatu. Kila kipande ni kama kipimo, na ukishaona kupima peke yake kunabadilisha mwanga, hilo wazo la BB84, la Bennett na Brassard mwaka 1984, halihitaji maneno mengi tena.

Meza nayo ni ndefu, karibu mita tano, tukaitumia kama waya: mtumaji mwisho huu, mpokeaji mwisho ule, mdukuzi kati, bahasha 40 badala ya fotoni (chembe za mwanga), na kila mtu anarusha sarafu kuchagua atatuma au atapima kwa njia ipi kati ya mbili. Tulipotupa zile ambazo mtumaji na mpokeaji hawakuchagua njia moja zikabaki 19, tano zina makosa. Nadharia inasema mdukuzi anayekamata kila kitu anaacha makosa robo, na sisi tuliyaona yanatokea mikononi mwetu, nilifurahi sana jamani.

Ubao mweupe umejaa ukuta mzima, hapo ndipo tulipomaliza jioni ya kwanza. Faiba nzuri, waya wa kioo wa kupitishia mwanga, inapoteza desibeli 0.2 kila kilomita, Kampala mpaka Mbarara ni kama kilomita 270 kwa barabara, hiyo ni desibeli 54, yani ukituma fotoni milioni moja zinafika nne hivi. Na huwezi kuweka amplifaya, kifaa cha kuongeza nguvu ya mwanga, njiani kama kwenye faiba ya kawaida maana hali ya kwanta hainakiliki. Kwenye mchoro tukaweka kituo Masaka, mji wa katikati ya njia, kila kipande kikabaki karibu nusu, hapo kwenye fotoni elfu moja zinafika mbili hivi, ni afadhali kubwa, ila ufunguo unakuwa wazi ndani ya kile kituo kwa hiyo lazima umwamini anayekilinda. Wachina njia yao ya Beijing hadi Shanghai ya 2017, kama kilomita 2,000, ina vituo 32 vya namna hiyo. Huyu wa Durban akatukumbusha kwao walishalinda mawasiliano ya uwanja wa Moses Mabhida kwa kriptografia ya kwanta kwenye Kombe la Dunia 2010, basi Afrika hatuanzi sifuri.

Sasa lililoniuma. Asubuhi ya pili tunafika, ubao umefutwa wote, mfanyakazi wa usafi hakuambiwa. Bahati niliupiga picha kabla ya kutoka, lakini mishale ya kona ya chini haikuonekana vizuri ikabidi tuifikirie upya, saa nzima ikaenda. Meneja aliomba msamaha vizuri na akatuongezea saa mbili bila malipo, hilo nampa. Intaneti ni ya jengo zima, mchana ikawa nzito, mwenzetu wa Durban akakatika mara nne mpaka tukamrudisha kwa bando la simu. Umeme ukienda jenereta inachukua dakika kama tano.

Simulesheni, yaani majaribio ya mtandao wa kwanta ndani ya kompyuta, hazikusumbuliwa, maana programu zake QuNetSim na SeQUeNCe tulikuwa tumeshazipakua nyumbani, zote ni za Python na ni za bure. Tumekubaliana mwaka wa kwanza tufanye hizo tu, vifaa vya kunasa fotoni mojamoja ni ghali mno kwa sasa, na wawili wetu washike hesabu mpya za kuficha siri zisivunjwe na kompyuta za kwanta, ambazo NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilizitoa Agosti 2024, maana hizo zinapita kwenye mitandao tuliyonayo leo.

Kwa kikundi kisichozidi watu kumi nakipendekeza bila wasiwasi. Njoo na waya wa ekstensheni na bando lako, halafu mwambie nnyabo (mama) wa mapokezi mapema, kwa mdomo na kwa karatasi, ubao usiguswe. Sisi tumeshalipia tena siku mbili za mwezi ujao.