Kipimo cha kilevi kutoka Kariakoo
Kipimo hiki cha kioo, nilichokinunua katika duka moja la vifaa vya maabara Kariakoo, huelea ndani ya kinywaji na kuonyesha asilimia ya alkoholi kwa ujazo kulingana na kinavyozama, kwa kuwa alkoholi ni nyepesi kuliko maji. Alama zake zimewekwa kwa nyuzijoto 20, hivyo joto la Dar es Salaam hukipotosha: konyagi ya asilimia 35, ikiwa na nyuzi 30, ilisomeka karibu 39, na ilipopozwa ikarudi 35. Muuzaji alinihakikishia kwamba kinafaa hata kwa mvinyo na bia, jambo lisilo kweli, maana sukari huongeza uzito wa kinywaji na kukifanya kipimo kielee juu mno. Kasha lake nalo ni hafifu.