Kliniki ya Siddha ya serikali kule Chennai, tulivyohudumiwa mimi na mama

Ukiwa unaenda India kutibiwa watu watakupa majina ya hospitali kubwa, watakwambia makadirio ya gharama, watakutafutia na mahali pa kulala, ila hakuna atakayekwambia kwamba serikali ya kule ina kliniki za dawa za miti shamba ndani ya vituo vyake vya afya na kwamba tiba ni bure. Mi mwenyewe nilijulia kwa mwenye nyumba tuliyopanga. Mama alikuwa ameshawekewa stenti ya moyo, kile kibomba cha kuzibua mshipa, hospitali ya binafsi, tukaambiwa tukae wiki tano tusubiri vipimo vya marudio, na hizo wiki tano goti ndo likaamua kumtesa, ngazi za nyumba hapandi mpaka nimshike. Mwenye nyumba akasema mpelekeni Siddha, akatupakia kwenye bajaji asubuhi na mapema.

Kwa wasiojua, Siddha ni tiba ya asili ya Watamil wa kusini mwa India, ina misingi yake na vitabu vyake, sio Ayurveda, ile tiba ya asili ya Wahindi inayojulikana zaidi, japo zinafanana vitu vingi. Serikali ya India imeziweka tiba hizi zote chini ya wizara moja inaitwa Ayush, ilianza 2014, kabla ya hapo ilikuwa idara tu. Mle ndani kuna Ayurveda, yoga, Yunani, Siddha, Sowa-Rigpa ya watu wa milimani na homiopathia iliyotoka Ujerumani. Hiyo Yunani watu wa pwani mnaijua hata kama hamjui jina, ndo ile tiba ya matabibu wa Kiislamu wa zamani, mambo ya Ibn Sina. Na Wakenya wanakumbuka Raila alivyompeleka binti yake Rosemary jimbo la Kerala kutibiwa macho kwa Ayurveda mpaka Modi, waziri mkuu wa India, akalisema redioni 2022, ila ile ilikuwa hospitali ya binafsi, mi hapa naongelea za serikali.

Sasa kituo chenyewe. Jina silitaji kwa sababu kuna malalamiko nayasema huko mbele. Ni jengo moja, upande wa kushoto daktari wa kawaida, Watamil wanaita dawa zake "dawa za Kiingereza" kama sisi tunavyosema za kizungu, upande wa kulia daktari wa Siddha, foleni ya kadi ni moja na dirisha la dawa ni moja. Hapo ndo nilishangaa kweli. Kwetu mama amekunywa mwarobaini miaka yote na hajawahi kumwambia daktari wa kliniki ya presha hata siku moja, anaogopa kugombezwa, na mganga naye hajawahi kumuuliza anameza vidonge gani, yani mwili mmoja unatibiwa na watu wawili ambao kila mmoja hajui mwenzake yupo. Pale daktari wa Siddha, binti mdogo tu amesoma chuo miaka mitano na nusu, kabla ya kumshika mama mkono alisema "amma, nipe vidonge vyako vyote nivione". Amma ni mama kwa Kitamil, mama yangu akalipenda hilo neno hapohapo. Akaviweka mezani kimoja kimoja, alipoona kile cha kuzuia damu isigande akainuka akaenda chumba cha pili kuongea na mwenzake, akarudi akasema dawa ya kunywa sitakupa, nitakupa mafuta ya kuchua na mazoezi. Nilimuamini kuanzia dakika ile, kwa sababu mtu wa kukunyima dawa yake mwenyewe sijakutana naye sana.

Baadaye ndo akamshika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, akasikiliza mapigo kimya muda mrefu, akauliza choo, usingizi, anakula nini usiku, anapenda chachu au chumvi. Kwa jumla tulikaa naye kama dakika ishirini. Mama kasema hajawahi kuulizwa maswali mengi hivyo na daktari yeyote.

Mafuta ni ya ufuta yamepikwa na majani, yananukia vizuri, kuchuliwa anafanya mama mmoja pale pale siku tatu kwa wiki. Goti lilipungua kuuma, mwisho wa mwezi alikuwa anapanda ngazi kwa kushika ukuta tu. Ni mafuta, ni mazoezi, au ni kwa sababu alipumzika kazi za nyumbani kwa mara ya kwanza maishani? Siwezi kukutenganishia, nakupa kilichotokea.

Yoga ilikuwa saa moja asubuhi kwenye ukumbi, wazee wanakalia viti. Mama aligoma siku ya kwanza kwa sababu wanaanza na dua yao, akasema mimi Muislamu siombi hivyo. Mwalimu hakumlazimisha, akamwambia kaa kimya au soma ya kwako, mama akapiga bismillahi akaendelea kunyoosha miguu na dera lake. Na hili serikali yenyewe ilishakutana nalo, mwaka 2015 kwenye siku ya kwanza ya yoga duniani, ile ya Juni 21, Waislamu wa India walilalamikia lile zoezi la kusalimia jua na likatolewa kwenye ratiba rasmi. Kwa hiyo mwenye wasiwasi wa dini aulize tu, utapewa nafasi yako.

Tulikuwa kule Novemba, mvua za Chennai zinamwagika na dengi iko kila mtaa. Getini wanagawa vikombe vya maji ya nilavembu, mchanganyiko wa mimea tisa, kuna tangawizi kavu, pilipili manga, mti wa sandali, uchungu wake unauzidi mwarobaini. Serikali ya Tamil Nadu, jimbo lenye Chennai, inagawa hii kila dengi ikilipuka, wakati wa Covid waligawa nyingine ya mimea kumi na tano inaitwa kabasura. Nilikunywa. Lakini ndugu zangu, mtu akipata homa ya dengi anatakiwa apimwe damu na afuatiliwe chembe sahani, zile za kugandisha damu, kikombe hakitoshi, na nilipenda kuona palepale getini bango limeandikwa homa ya siku mbili nenda ukapime. Wangegawa vikombe bila lile bango ningeandika mambo mengine kabisa hapa.

Malalamiko sasa. Wiki ya tatu yule binti alikuwa likizo, tukakuta daktari mwingine mzee, huyu hakuuliza vidonge wala hakufungua daftari la mama, akaandika unga wa kunywa mara mbili kwa siku. Dirishani tukapewa umefungwa kwenye karatasi, maandishi ya Kitamil matupu, ndani kuna nini hakuna anayejua kutuambia. Niliuacha mezani. Sio dharau, Siddha ina dawa zinazotengenezwa kwa zebaki na madini mengine yaliyochomwa, na utafiti wa Marekani wa 2008 ulipima dawa za Ayurveda zinazouzwa mtandaoni ukakuta karibu moja kati ya tano ina risasi, zebaki au aseniki. Labda ule wa kwetu ulikuwa majani matupu, sawa, basi andika. Mgonjwa wa moyo hawezi kumeza kitu kwa imani. Hili linaniuma kwa sababu mfumo mzuri vile, jengo moja, daftari moja, unaharibika siku mtu mmoja asipofungua daftari.

Pia msichanganye. Mwaka 2020 India iliruhusu wahitimu wa Ayurveda waliosomea upasuaji kufanya baadhi ya operesheni na madaktari wa kawaida wakagoma nchi nzima, na hapo mi niko na waliogoma. Goti kuchuliwa ndio, kisu hapana.

Nyota nne kati ya tano, moja nimeitoa kwa ule unga.

Mkienda, kadi zinaanza kukatwa mapema sana, saa nne mchana mmeshachelewa. Bebeni vidonge vyote kwenye mfuko, msitaje kwa mdomo, waonyesheni. Tafuteni mtu wa Kitamil wa kuwasaidia lugha. Na bebeni chupa tupu, mafuta yanapimwa kwenye chupa ya mgonjwa, bila chupa hupati. Sisi siku ya kwanza hatukuwa nayo, mama mmoja aliyekuwa nyuma yetu kwenye foleni alichukua chupa yake ya maji ya kunywa, akayamwaga chini ya mti, akaikung'uta na kumpa mama.