Pixel 8 yenye GrapheneOS: kinga ya memori inakuja imewashwa

Kazi yangu ni kuwaandalia simu waandishi wa habari na mawakili hapa Dar es Salaam, kwa hiyo kamera huwa naitazama mwisho. Kwenye Pixel 8, simu ya Google, nilichokifuata ni MTE (Memory Tagging Extension), kinga ya memori iliyomo ndani ya chipu.

Chipu ya simu hii, Tensor G3, inaigawa memori katika vipande vya baiti 16, na kila kipande kinapewa lebo ya biti nne. Anwani inayokwenda kwenye kipande hicho nayo inabeba lebo. Zisipolingana, programu inasimamishwa papo hapo. Ni kama gesti: ufunguo wa chumba namba 7 haufungui namba 8, na mgeni akishaondoka kitasa kinabadilishwa. Wadukuzi wakubwa wa simu hupenyea sana hapo, programu inapoandika nje ya mipaka yake au inapogusa memori iliyokwisha kuachwa.

Google walipoitoa simu hii Oktoba 2023, MTE waliiweka kwenye menyu ya wasanidi programu, ikiwa imezimwa. Hilo linaniuma. Mwandishi anayewindwa hajui hata kama kinga hiyo ipo, sembuse kwenda kuiwasha. Watengenezaji wa GrapheneOS, mfumo unaotokana na Android unaowekwa badala ya ule wa Google ili kukaza usalama, wameiwasha tangu mwanzo, kwenye kerneli (kiini cha mfumo) na karibu mfumo mzima, bila kumuuliza mtu chochote. Na inafanya kazi kweli: toleo la Android 14 la Machi 2024 lilikuja na hitilafu ya Bluetooth, memori iliyokwisha kuachwa ikitumiwa tena, na ni MTE ndiyo iliyowaonyesha GrapheneOS. Wakairekebisha.

Kwa matumizi ya kila siku sijaona simu ikizubaa, si WhatsApp, si ramani. Mimi nimeiwasha hata kwa programu ninazopakua mwenyewe, na hapo ndipo usumbufu ulipo: moja ya kuhariri picha ilikuwa ikijifunga kila nikiifungua. Arifa ikanieleza wazi kwamba ni kosa la memori, nikaizimia kinga programu hiyo peke yake. Programu ya benki yangu ndiyo iliyokataa kabisa kufanya kazi kwenye mfumo huu, na hiyo haitokani na MTE. Miamala naifanyia kwenye simu nyingine. Kwa mteja mwenye simu moja tu, hilo namwambia kabla hajatoa hela.

Kuiweka GrapheneOS ni rahisi: kompyuta, kebo na kivinjari. Kila kitu kilichomo kwenye simu kinafutika, na ukimaliza lazima uifunge tena butiloda, yaani programu inayoiwasha simu na kupakia mfumo, ambayo hufunguliwa kwanza ili mfumo mwingine uingie.

Ukinunua iliyotumika Kariakoo, ziepuke zilizotoka Verizon, kampuni ya mtandao wa simu ya Marekani, maana butiloda yake haifunguki. Kabla hujalipa, iunganishe na intaneti palepale dukani, ingia menyu ya wasanidi, ujaribu kuwasha “OEM unlocking”, ruhusa ya kufungua butiloda. Ikigoma, mrudishie muuzaji simu yake.