Baiskeli ya kushukia msituni: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

"Kaka, kwa laki nne napata baiskeli ya kupandia msituni?" Naulizwa hivyo mara kwa mara, na mara nyingi anayeuliza ameshaipenda moja: rangi inang'aa, springi mbele, springi katikati, ubavuni imeandikwa gia 21. Kwa laki nne unapata baiskeli nzuri sana. Ila siyo hiyo.

Naandika nikiwa na barabara ninazozijua kichwani, za shamba la miti la Meru/Usa na za upande wa Olmotonyi, juu ya Arusha. Ni barabara za kinga moto na za kusombea magogo, zilizokatwa ili gari la zimamoto na lori vipite. Kiangazi udongo wake wa volkano unageuka vumbi laini kama unga, na chini ya vumbi hilo mawe na mizizi havionekani. Masika lori likipita mara mbili tu linaacha makorongo yanayomeza gurudumu zima. Kati ya barabara na barabara kuna vijia vya akina mama wa kuni na vya ng'ombe, na huko ndiko raha ilikojificha. Ukienda Lushoto, kwenye msitu wa Magamba, mambo ni hayohayo na utelezi juu yake. Ukizunguka upande wa Ngarenanyuki, ongeza miiba ya migunga.

Kwa njia za namna hii napanga baiskeli kwa swali moja: ikiharibika Jumamosi, fundi wa mtaani ataiweza kabla ya Jumapili? Uzito, springi na idadi ya gia nitavitazama baada ya hapo.

Nafasi ya kwanza: mtumba wa kampuni inayojulikana, gurudumu la inchi 26, nyuma bila springi

Giant, Trek, Merida, Scott, Specialized na wenzao. Fremu ya alumini au chuma, foko (uma unaoshika gurudumu la mbele) ya springi au foko ngumu, nyuma kavu. Nyingi zilitengenezwa kabla viwanda havijahamia kwenye magurudumu ya 27.5 na 29, kwa hiyo kwa wenzetu thamani yake imeporomoka, nazo zinatufikia kwenye makontena. Kwetu inchi 26 ni faida. Ndiyo saizi ya baiskeli za bei ndogo zilizojaa kila wilaya, na tyubu yake utaikuta hata kwenye duka la spea la kijijini linalouza pia misumari na mafuta ya taa.

Tofauti kati ya mtumba huu na baiskeli mpya ya bei ileile haionekani haraka kwa macho. Imejificha ndani ya habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu. Baiskeli za bei ya chini zenye gia 6 au 7 kwa nyuma kawaida hutumia friwili, yaani fungu zima la meno linafungwa kwa kusokotwa juu ya habu. Kwa mpangilio huo gololi za upande wa kulia zinakaa ndani, mbali na fremu, na kipande kirefu cha ekseli (chuma kinachopita katikati ya gurudumu) kinabaki hakina kinachokiegemeza. Kila ukitua juu ya jiwe, uzito wako unakikunja. Kaseti, ambayo utaikuta kwenye nyingi zenye gia 8 na kuendelea kwa nyuma, inakaa juu ya mwili wa habu wenyewe, na gololi zinasogea hadi karibu na fremu. Ekseli inashikwa vizuri pande zote mbili.

Tofauti hii niliijua kwa mikono yangu. Nilikuwa nashuka kutoka kwenye miti ya misindano ya juu, breki ya nyuma ikaanza kukwaruza upande mmoja kwa kila mzunguko. Nikadhani spoki imelegea. Nikasimama, nikashika tairi na kulitikisa: likacheza kushoto na kulia kama jino bovu. Nilipolitoa gurudumu, ekseli ilikuwa vipande viwili. Kilichokuwa kimelishikilia ni ule ufito mwembamba wa kufungia, unaopita katikati ya ekseli. Baiskeli ilikuwa na miezi minne tangu itoke dukani. Nilishuka hadi lami nimeibeba begani, na kila nilipokuwa nakutana na mtu nilikuwa nafikiria kona niliyoipita dakika mbili kabla ya kusimama.

Kuitambua friwili ni rahisi, na muuzaji hana haja ya kukuruhusu chochote. Zungusha meno ya nyuma kinyume, macho yako yakiwa katikati, pale fundi anapoingiza kifunguo. Sehemu hiyo ikizunguka pamoja na meno, ni kaseti. Ikitulia huku meno yanazunguka, ni friwili.

Mtumba unataka subira. Usinunue siku ya kwanza, na usinunue jioni giza likianza. Nenda na rula na kitambaa. Kitambaa ni cha kufutia vumbi kwenye maungio ya fremu, hasa pale mabomba yanapokutana chini ya usukani na pale mhimili wa pedeli unapopita. Ufa wa alumini huanza kama unywele mweusi kando ya weldi, na vumbi linauficha vizuri sana. Ukiuona, rudisha baiskeli mahali pake hata kama ni ya bure, maana weldi ya mtaani juu ya alumini ya baiskeli haiaminiki. Rula ni ya cheni. Weka sifuri katikati ya pini moja na uhesabu pini 24 mbele. Cheni ambayo haijachakaa itakupa inchi 12 kamili. Ikizidi kwa moja ya nane ya inchi, cheni imekwisha na huenda imeshakula meno ya kaseti, basi punguza bei kwa thamani ya vyote viwili.

Kwenye foko ya springi, pitisha ukucha juu ya ile miguu inayong'aa. Ukucha ukikwama, kuna mkwaruzo, na mkwaruzo huo utakula sili (mpira unaozuia mafuta yasitoke na vumbi lisiingie) kila siku. Kisha kandamiza usukani kwa uzito wako. Foko ikigoma kushuka, au ikishuka na kubaki chini, hesabu kwamba umenunua foko ngumu yenye uzito wa kupindukia. Mwisho jaribu kutoa bomba la siti. Limeganda? Unaweza kuipenda baiskeli yote ukashindwa kuikalia kwa urefu wako.

Yangu ya sasa niliichukua kwa laki tatu na nusu, nikaongeza karibu laki moja kwa matairi, cheni, kaseti na grisi. Ndiyo hesabu ninayowapa wote: kati ya kila shilingi nne ulizonazo, moja isiingie kwa muuzaji wa baiskeli.

Nafasi ya pili: mpya kabisa, nyuma kavu, gurudumu la 29 au 27.5

Kama mfuko unaruhusu, na kwa kampuni hizohizo ujiandae kuvuka milioni moja na nusu, hii inashuka vizuri kuliko ya kwanza. Gurudumu kubwa linapita juu ya mizizi ambayo 26 linaigonga. Usukani umetulia zaidi kwenye mteremko, breki ni za diski, na unayo baiskeli ambayo hakuna aliyeitesa kabla yako.

Nimeiweka ya pili kwa sababu ya matairi. Hapa watu wengi wanapotea, kwa hiyo nitaeleza polepole. Mtu anakwenda dukani kutafuta tairi la 29, analikosa, anauziwa la 28, "hayo yanakaribiana". Tairi la 28 la zile baiskeli ndefu nyeusi za mizigo limetengenezwa kwa ringi ya milimita 635. Ringi ya 29 ni milimita 622. Tairi litakaa likiwa linapwaya, halafu litachomoka. Usisome inchi. Soma namba ya milimita iliyochongwa ubavuni mwa tairi: 559 ni ya inchi 26, 584 ni ya 27.5, 622 ni ya 29. Ukinunua baiskeli ya namna hii, nunua na tairi moja la akiba siku hiyohiyo.

Angalia pia vali. Mpya nyingi zinakuja na vali nyembamba ambayo pampu ya kijijini haiingii. Kuna kipande kidogo cha shaba cha kugeuzia, kinafungwa juu ya vali hiyo na kinakaa humo kabisa. Nunua viwili.

Na jina la Shimano, kampuni ya vifaa vya baiskeli, kwenye kifaa cha kuhamishia cheni halikuambii kitu kuhusu baiskeli iliyobaki. Tourney ni ngazi yao ya chini kabisa. Juu yake kuna Altus, Acera, Alivio, kisha Deore. Kwa njia zetu Alivio inatosha kabisa.

Nafasi ya tatu: foko ngumu, matairi mapana

Wengi wataona ajabu nikiiweka hapa. Foko za springi zinazokuja na baiskeli za bei ndogo zina uzito wa zaidi ya kilo 2, hazifunguki kwa ukarabati wa maana, na vumbi letu linaziua mapema. Foko ngumu ya chuma haina cha kufa. Tia matairi ya upana wa inchi 2.2 au 2.4 na upunguze upepo, utashangaa jinsi inavyotulia. Mtu wa kilo 70 hahitaji zaidi ya psi (kipimo cha upepo wa tairi) 30 au 35 akiwa na tyubu. Fundi atajaza hadi tairi liwe kama jiwe, kwa nia njema kabisa, kwa sababu amezoea baiskeli za mizigo. Mwombe apunguze.

Nafasi ya nne: springi mbele na nyuma, ya kweli, mtumba

Kwa mwenye uzoefu na mwenye pampu maalumu ya shokapu, sawa. Maungio yote ya nyuma yana beringi, shokapu ya upepo ina sili, na vyote vinataka huduma ambayo mafundi wachache sana wanaijua. Ikikufia, itakaa ukutani miezi mingi.

Nafasi ya mwisho: ile ya springi mbili inayong'aa

Ile ya mwanzo kabisa. Springi ya nyuma haina kinachoipunguza kasi, kwa hiyo ukipanda inakula nguvu ya miguu na ukishuka inakurusha. Fremu ni nzito, maungio yanalegea, na habu ni ya friwili. Naona vijana wakijinyima kwa miezi ili wapate hiyo, na inaniuma, maana fedha ileile ingewapa baiskeli ya nafasi ya kwanza.

(Baiskeli yenye usukani uliopinda kuelekea chini na matairi ya upana wa milimita 40 hivi inakimbia vizuri barabara za kinga moto. Ukiingia vijiani, shuka utembee.)

Breki, ambazo zina haki ya kichwa chao

Mchezo huu wenyewe ulizaliwa kwenye barabara kama hizi. Huko Marin, California, vijana walikuwa wanashuka barabara za zimamoto kwa baiskeli kuukuu za chuma, na mwaka 1976 wakaanza mbio kwenye barabara moja ya takriban kilomita 3 inayoshuka karibu mita 400. Breki zao zilikuwa ndani ya habu, za kukanyaga pedeli kinyume. Kwa joto la mteremko grisi iliungua ikatoka moshi, na kila baada ya kushuka walilazimika kufungua habu na kujaza upya. Mbio zikaitwa Repack kwa sababu hiyo, yaani kujaza tena.

Chaguo langu kwa huku kwetu ni breki za diski zinazovutwa kwa waya. Waya unapatikana popote na fundi yeyote anaukaza. Diski za mafuta zina nguvu zaidi kwa kidole kimoja, lakini kwanza ujue zinakunywa nini. Za Shimano zinatumia mafuta ya madini. Nyingi za SRAM, kampuni nyingine ya vifaa, zinatumia DOT, aina ileile ya majimaji ya breki za magari. Ukimwachia fundi atie DOT ya dukani ndani ya Shimano, sili zinavimba na breki imekwisha. Mwambie kabla hajafungua, na uangalie kifuniko: mara nyingi kimeandikwa.

Breki za kubana ringi siyo mbaya, ila vumbi na matope vinaisaga ringi. Weka ukingo wa rula ubavuni mwa ringi. Ukiona mwanga katikati kwa sababu ringi imebonyea kama sahani, ringi hiyo itapasuka siku moja. Ibadilishe kabla ya kushuka popote.

Siku ya kwanza nyumbani

Kabla ya msitu, peleka kwa fundi afungue habu zote mbili na maungio ya usukani, asafishe gololi na atie grisi mpya. Kaa naye. Utaona grisi ya zamani ikitoka kama uji wa ulezi, na utajua baiskeli ilipitia nini. Beba tyubu mbili, viraka, gundi, pampu na kifunguo cha cheni. Kwa wa Ngarenanyuki, kata tyubu kuukuu kwa urefu na uilaze ndani ya tairi kabla ya tyubu nzima. Mwiba wa mgunga utakutana na ngozi mbili. Kofia ngumu nunua mpya, kwa sababu ya mtumba inaweza kuwa imeshagongwa na hutaona.

Ukifika kwenye shamba la miti, pitia ofisini kwanza uombe ruhusa. Uliza pia siku hiyo wanakata kitalu kipi, ili usikutane na gogo linateremka kwenye kona.