Soko la Krismasi la Nuremberg: zuri, ila usilitegemee sikukuu yenyewe

Christkindlesmarkt ya Nuremberg, Ujerumani, ni nzuri kuliko nilivyosimuliwa. Ila kama umepanga ikulishe siku ya Krismasi, umeliwa. Soko hufunguliwa Ijumaa ya kuelekea Jumapili ya kwanza ya Majilio na hufungwa tarehe 24 Desemba saa nane mchana. Saa nane! Kwetu Kilimanjaro, ambako Desemba kila mtu anarudi kuhesabiwa, muda huo ndiyo kwanza mbuzi anachunwa.

Kiingilio hakuna. Vibanda vya mbao vyenye vitambaa vya mistari myekundu na myeupe vimejaa uwanja wa Hauptmarkt, mbele ya kanisa la Frauenkirche. Nenda siku ya kazi, saa nne asubuhi wanapofungua. Wikiendi jioni hutembei, unabebwa na watu, kama stendi ya Moshi tarehe 23.

Anza na soseji. Sema tu "Drei im Weggla", utapewa tatu nyembamba, fupi kama kidole, zimechomwa hadi zikaingia michirizi myeusi, zimebanwa ndani ya skonzi yenye ganda gumu. Omba haradali. Ukiuma, mafuta ya moto yanakushukia kwenye glavu, na hakuna anayejali. Ni kitimoto, kwa hiyo wasiokula wapite moja kwa moja kwenye biskuti.

Na biskuti ndiyo hasa ya kununua. Tafuta zilizoandikwa Elisenlebkuchen: hizo kwa kanuni lazima lozi, hazelnati au jozi zisipungue asilimia 25, na unga usizidi asilimia 10. Ni nzito, laini katikati, zina karafuu na mdalasini. Mtu aliyekulia kwenye chai ya viungo hahitaji kufundishwa. Zile za umbo la moyo zenye maandishi ya sukari ni pambo, achana nazo.

Mvinyo wa moto nao una karafuu, na watoto wana wao usio na kilevi. Bei unayolipa ina dhamana ya kikombe ndani yake. Ukikirudisha unarudishiwa pesa yako, ukikipenda ondoka nacho. Tembea na sarafu. Kibanda kimoja muuzaji aliitazama noti yangu ya euro 50 kana kwamba nimempa mzigo abebe.

Vijisanamu vya plamu kavu vyenye kichwa cha jozi vinachekesha, ila bei yake haichekeshi.

Sasa siku tatu za sikukuu, tarehe 24 hadi 26. Tarehe 24 mchana maduka ya vyakula nayo yanafungwa, na tarehe 25 na 26 zote ni sikukuu. Nunua mchele, kuku na vitunguu tarehe 23, na upange chumba chenye jiko. Hoteli bila jiko itakuumiza. Kinachobaki wazi ni makanisa. St. Lorenz, mwendo mfupi kuvuka mto Pegnitz, ni la Kilutheri, na msharika wa KKKT, Walutheri wa Tanzania, ataifuata liturujia hata bila kujua Kijerumani. Fika mapema, mkesha watu wanasimama, na usivue koti.