Fidla za Appalachia kwenye CD: ununue ipi kwanza

Anayetaka kusikia fidla (yaani violini ya muziki wa kienyeji) na banjo za Marekani, hasa za milima ya Appalachia mashariki mwa nchi hiyo, zilivyorekodiwa miaka ya 1920 asitangulize bei wala wingi wa nyimbo. Aulize kwanza sauti imechukuliwa kwenye santuri ya hali gani, na imesafishwa kwa kiasi gani. Santuri za mizunguko 78 kwa dakika zina mkwaruzo wake, na wapo mafundi wanaoufuta mpaka ule ukali wa upinde kwenye uzi unaondoka nao. Mkwaruzo utauzoea upesi. Fidla iliyofifishwa haina dawa.

Kwa hiyo naweka mbele kasha la kampuni ya Bear Family la rekodi za Johnson City, Tennessee, za 1928 na 1929: CD 4, nyimbo 100 na kitabu kizima cha historia. Kampuni ya Columbia, iliyorekodi nyimbo hizo, ilishaanza kutumia maikrofoni za umeme, na tofauti unaisikia: bendi ya Roane County Ramblers wakipiga, gitaa halimezwi na fidla. Bei ni kubwa, lakini ukiweza kununua moja tu, nunua hili.

La pili ni Kentucky Mountain Music la kampuni ya Yazoo, CD 7. Kwa mpenzi wa fidla yenyewe, pengine hili litampendeza zaidi, kwani mbali na santuri za biashara kuna wapigaji wa vijijini waliorekodiwa kwa ajili ya Maktaba ya Bunge la Marekani.

Charlie Poole, mwimbaji na mpiga banjo, na bendi yake ya North Carolina Ramblers ni wa tatu. Santuri yao ya kwanza, ya 1925, iliuza nakala zaidi ya 100,000, na ukisikia banjo, fidla na gitaa zinavyopokezana utaelewa kwa nini. Chukua kasha la kampuni ya JSP la CD 4, ni nafuu. Lile la Columbia la 2005 ni zuri, ila limechanganya Poole na wasanii wengine.

CD za kampuni ya Document waachie watafiti. Document hupanga kazi zote za msanii kwa tarehe, hata pale santuri iliyopatikana imechakaa.

Eck Robertson, aliyerekodi New York mwaka 1922, ni mpiga fidla wa ajabu, lakini alirekodi kabla ya maikrofoni, akipiga mbele ya pembe kubwa ya kunasa sauti, na sauti ni nyembamba. Rekodi zake za mwaka huo sasa ni mali ya umma Marekani, yaani hakimiliki yake imekwisha; zisikilize bure kabla ya kulipia CD yake ya kampuni ya County.